Bahari Isiyovuja

Shemeji yangu Yustus hajawahi kutengeneza chombo kikavuja. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Kibingo wakimtaja siku hizi huanza na mibuni aliyoing'oa, kisha wanacheka, na wakishacheka hakuna la maana linaloongezwa. Mimi pia nilicheka, ila nilichekea jikoni kwangu mlango ukiwa umefungwa. Mbele yake sikucheka hata siku moja, naye akaniamini kwa sababu hiyo.

Mimi ni Adventina, mke wa mdogo wake, Lameck. Nina duka la pembejeo hapa barabarani, nauza mbegu, mbolea, mabomba ya kupulizia na dawa za kahawa. Nina watoto watano, na wakati ule tulibanana kwenye nyumba ya vyumba viwili, mteremkoni kwenye mawe, maana huo ndio urithi aliopewa mume wangu. Yustus, kwa kuwa ni mkubwa, alipewa kibanja chenyewe: nyumba ya baba mkwe, migomba, kahawa, na kaburi la mzee upande wa juu. Mgane asiye na mtoto, anazunguka peke yake kwenye kibanja ambacho watoto wangu watano wangekula wakashiba. Nilikitaka kile kibanja. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani nimemficha.

Ujanani Yustus alichonga obwato, ule mtumbwi wa gogo tunaokamulia ndizi za rubisi, pombe yetu. Alikuwa na desturi moja iliyowachosha wateja. Mtumbwi ukiisha aliupandisha juu ya magogo mawili, akaujaza maji, akapaka majivu makavu tumboni mwake kwa chini, kisha akakaa kitako kusubiri. Majivu yakibaki makavu mpaka kesho yake, mwenyewe aliitwa aje auchukue. Yakilowa hata sehemu ya ukubwa wa ukucha, alichukua shoka akaupasua kuni, mteja akitazama. Watu walisema ana kiburi. Alikuwa nacho kweli, na sijaona tena mtu mpole mwenye kiburi cha namna ile.

Baadaye alikwenda Dar es Salaam akakaa miaka kumi na moja, seremala katika nyumba ya daktari mmoja aliyefuga bahari sebuleni. Ndivyo alivyotueleza: tanki kubwa, maji ya chumvi, matumbawe yaliyo hai, samaki wa rangi. Alianza kwa kutengeneza kabati la chini yake, akaishia kuwa mtu wa kulisafisha na kulisha waliomo. Mkewe Therese alifia huko huko. Baba mkwe alipofariki, Yustus alirudi na sanduku la nguo, sanduku la randa na patasi, na bangili ya shaba ya babu yao mkononi, kama alivyoondoka nayo. Tulidhani amerudi kulima.

Miaka minne na ushee alilima. Kisha Januari moja aling'oa mibuni arobaini.

Kwetu mbuni uliopandwa na marehemu hauguswi hivi hivi. Ukizeeka unakatwa kisiki uchipue, haung'olewi. Yeye aling'oa mstari mzima ulio karibu na nyumba, kwa sababu hapo ndipo palipo tambarare na karibu na nguzo ya umeme, akajenga banda la matofali lenye sakafu ya zege nene kuliko ya kanisa. Nilimkuta Lameck amesimama mpakani, mikono kichwani.

"Kaka amerogwa," alisema.

"Mwache amalize sakafu," nilimjibu. "Halafu nenda kwa mzee Rwegoshora."

Rwegoshora ndiye mkubwa wa ukoo wetu, mtu mwenye tumbo na maneno. Kikao kiliitwa Jumapili baada ya misa, uani, mbele ya mashimo ya ile mibuni. Yustus aliulizwa anajenga nini. Akasema anajenga bahari. Wazee walicheka mpaka mmoja rubisi ikampalia.

"Bahari ya nini?" Rwegoshora aliuliza. "Ziwa lipo Bukoba, bure, na sato wamo."

"Ziwa halina matumbawe, mzee."

"Na hayo matumbawe yanaliwa?"

"Hayaliwi. Yanatazamwa."

Walicheka tena. Yustus aliwasubiri wamalize, kisha akaeleza kwa sauti ile ile ya chini. Kuna mtu wa Kayanga anaitwa Mutabazi, anajenga hoteli, anataka tanki la namna hiyo mapokezini. Amemwambia atakuja kuona la kwake kwanza. Likiwa hai na linapendeza, kazi ni ya Yustus, ya kujenga na ya kulitunza, miaka yote.

Rwegoshora alifuta mdomo. "Sawa. Mwezi wa nane tuna misa ya miaka mitano ya baba yako. Siku hiyo tutaingia humo bandani sisi na huyo Mutabazi wako. Tukikuta vitu vinaishi na mwenye hoteli akasema hii ni kazi, kibanja ni chako mpaka ufe. Tukikuta upuuzi, kibanja anachukua Lameck mwenye watoto, wewe utahamia mteremkoni. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Yustus alikubali papo hapo. Alikuwa amezoea kukaguliwa na majivu, wazee hawakumtisha.

Lazima niseme kwamba kazi yake ilikuwa nzuri. Chuki haijanipofusha. Alileta plaiwudi nzito kwa Fuso kutoka Bukoba, akazigonga moja moja kwa vidole, zilizotoa sauti ya utupu akazirudisha. Tanki lilikuwa na urefu wa ubao mzima, futi nane, upana futi nne, na kina cha kunifika kiunoni. Kila upande aliulaza ubao juu ya ubao mwenzake, gundi katikati, skrubu kila baada ya vidole vinne, viungo vikipishana ili kimoja kisikutane na kingine.

"Gogo halina kiungo," aliniambia nilipompelekea uji. "Ubao unacho. Na maji hayana haraka, shemeji. Yatakaa yanakitafuta mpaka yakipate."

Juu alizungusha mkanda wa mbao na kupitisha boriti katikati, maana maji yakijaa husukuma mbavu zitoke nje. Mbele alikata dirisha, akapachika kioo kinene kwa upande wa ndani, ili maji yenyewe yakikandamize kwenye silikoni badala ya kukisukuma kidondoke. Ndani alipaka epoksi mara nne, na kwenye kona akalaza kitambaa cha nyuzi za kioo. Kila mpako ukikauka alipiga msasa, akafuta vumbi kwa kanga ya marehemu Therese. Ile kanga iliniuma kidogo. Haikuniuma sana.

Alipolijaza maji matamu kwa mara ya kwanza, alipaka majivu kwenye viungo vyote, akaweka kiti mbele yake, akakaa siku tatu. Wapita njia walichungulia dirishani wakamuuliza kama bahari imeshazaa. Siku ya nne aliniita.

"Gusa, shemeji."

Niligusa. Vidole vyangu vilitoka na vumbi jeupe, kavu kabisa.

Vifaa alichagua kwa simu, na simu hapa kwetu inashika vizuri mahali pamoja tu, kwenye ngazi ya duka langu. Kwa hiyo kila alichozungumza na muuzaji mmoja wa vifaa hivyo huko Dar nilikisikia, maana aliweka sauti ya nje ili awe na mikono huru ya kuandika. Pampu alichukua mbili ndogo, akakataa moja kubwa, akisema moja ikifa nyingine itabaki kufanya matanga. Hita alichukua, kwa sababu huku kwetu Kyerwa mwezi wa sita baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, na viumbe wa pwani hawana mablanketi. Alinunua taa za mwanga wa buluu, kipimo cha chumvi, na betri ya sola ya kuendesha pampu umeme ukikatika. Mtungi wa kutolea povu la uchafu alijaribu kuutengeneza mwenyewe kwa bomba la plastiki. Ukamwagika bandani kote, akaununua uliotumika. Chumvi yenyewe haikuwa ya dukani. Ilikuja kwenye ndoo zenye mfuniko, imechanganywa kiwandani ifanane na bahari.

Siku moja yule mtu wa Dar alimuuliza koki za banda ni za nini.

"Za shaba nyeupe. Nzito, nzuri."

"Ng'oa. Weka za plastiki. Shaba ya namna yoyote ni sumu kwa hawa, kaka. Konokono, kamba, matumbawe, chembe usiyoiona inawamaliza. Samaki anaweza kuvumilia, wale wengine hawawezi. Na ikishaingia kwenye mawe haitoki."

Yustus alitazama mkono wake. Aliniomba sabuni, akakaa kwenye ngazi anaisukuma ile bangili ya babu mpaka ngozi ikachubuka, ikatoka.

"Niwekee, shemeji. Nikibaki nayo nitasahau nitumbukize mkono."

Niliitundika kwenye msumari nyuma ya kaunta, juu ya rafu ya dawa za kahawa. Wakati ule sikuwaza lolote.

Mwezi wa tatu maji yalitiwa chumvi. Mwezi wa nne yaliingia mawe. Mwezi wa sita, baada ya kusubiri mpaka watu wakachoka kumcheka, viumbe walifika kwa basi kutoka Dar, ndani ya boksi la kuhifadhia baridi, kila mmoja kwenye mfuko wake wa maji. Kondakta alidhani ni figo za mtu. Kulikuwa na vipande vya matumbawe vya ukubwa wa kidole gumba, kamba wawili wekundu wenye masharubu meupe, konokono ishirini, na ua moja la baharini lenye vidole vingi vinavyocheza. Na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, ambao baada ya siku tatu walihamia ndani ya vile vidole wakavifanya kitanda.

Niliingia bandani nikaona. Nje kulikuwa na vumbi la mwezi wa sita, ndani kulikuwa na kitu cha buluu kinachopumua. Kamba alikuwa anamsafisha samaki meno. Yustus alisimama pembeni, hakutazama tanki, alinitazama mimi.

"Wengine wakija wanauliza bei," alisema. "Wewe umenyamaza."

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimeona kibanja kinaondoka. Alimpelekea Mutabazi video, na Mutabazi akajibu kwamba mwezi wa nane atakuja na fundi wake wa kuchukua vipimo. Lameck alipoambiwa alikwenda kunywa siku mbili. Mimi nilikwenda nyumbani nikawatazama watoto wamelala watano kwenye kitanda kimoja, nikamchukia Yustus kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, kwa kosa la kufaulu.

Kiangazi kilikuwa kikali mwaka ule. Nyuma ya banda alikuwa na pipa jeupe jipya, humo ndimo alimochanganyia chumvi na maji kwa siku nzima kabla ya kuyaingiza ndani, maana kila wiki alitoa pipa moja la maji ya zamani na kuweka pipa la mapya. Julai jioni moja ng'ombe wa jirani yetu Nuwamanya walikuwa wanarudi kutoka malishoni. Ninyi mnaofuga mnajua, ng'ombe akisikia chumvi hana bwana. Wenyewe huwatilia chumvi kwenye birika la udongo ili wanywe vizuri. Hawa walikata kona wote kwa pamoja, wakavunja ua, wakalivamia pipa. Tulipofika, dume lilikuwa limeingiza kichwa mpaka mabegani, wengine wanalamba ardhi, na pipa limepasuka kuanzia mdomoni hadi kitako.

"Ng'ombe hajui mpaka, Yustus," Nuwamanya alisema, fimbo begani. "Amesikia chumvi. Mimi mwenyewe ningekunywa."

Kijiji kilipata cha kusema kwa wiki nzima: bahari ya Yustus imenywewa na ng'ombe. Zilibaki siku kumi na nane kabla ya misa, na maji yalitakiwa kubadilishwa kesho yake. Pipa jingine safi halikuwepo karibu. Nyuma ya stoo lilikuwepo pipa la buluu la marehemu baba, ambalo kwa miaka thelathini alichanganyia dawa ya kupulizia kahawa.

Alikuja dukani asubuhi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaegemea kaunta.

"Shemeji, wewe unazijua hizi dawa. Lile pipa la baba likioshwa vizuri, dawa inaisha?"

Kopo la dawa ile lilikuwa nyuma ya bega langu. Limeandikwa kwa Kiingereza, herufi za siafu, ambazo macho yake hayakuziweza. Mstari wa kwanza unataja kilichomo, na kilichomo ni shaba. Nilifundishwa hilo kwenye semina ya wauza pembejeo, wakatupa na cheti, kipo ukutani. Dawa ile inaua kuvu ya kahawa kwa sababu ni shaba. Juu ya kopo ilining'inia bangili yake. Ningeweza kunyoosha kidole tu, nisiseme hata neno.

"Inaisha," nilisema. "Osha mara tatu kwa sabuni na mchanga. Hata mimi mabomba nayaosha hivyo hivyo."

"Asante. Nilijua wewe utaniambia ukweli."

Nimejitetea mara nyingi tangu siku ile. Aliuliza habari ya kuosha, hakuuliza habari ya shaba. Wakulima wote huosha mara tatu. Yeye fundi, angetafuta kujua. Maneno hayo nayajua kama Baba Yetu, na hayajanisaidia.

Aliosha mara nne, siyo tatu. Lakini pipa lile lilikuwa na magaga ya kijani kwenye mshono wa chini na kwenye mdomo wa koki, miaka thelathini imegandamana, na mchanga haukufika huko. Maji yaliingia tangini Jumanne jioni. Jumatano kamba mmoja alikuwa amelala ubavu. Alhamisi wa pili alikuwa hayupo, limebaki gamba. Ijumaa konokono walianza kuachia kioo na kuanguka mmoja mmoja, nawe ukikaa kimya unasikia kila mmoja akigonga jiwe. Matumbawe yalifumba.

Yustus alikaa kwenye ngazi yangu na simu. Mtu wa Dar alimuuliza maswali yote. Chumvi ipo sawa? Ipo sawa. Joto? Sawa. Umeme ulikatika? Haukukatika.

"Shaba imeingia popote?"

"Hata bangili nilivua, kaka. Shemeji yangu ni shahidi, yupo hapa."

Niliinama kwenye kaunta nikapanga mbegu za nyanya ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Basi badilisha maji," sauti ilisema. "Maji mapya mengi, haraka. Pipa zima kila siku mpaka watulie."

Alibadilisha siku tatu mfululizo, kutoka pipa lile lile. Mkono wake ulikuwa na kidonda alichokipata akisugua pipa, akaniomba nimsaidie kubeba. Nami nilibeba. Ndoo mbili mbili, kutoka pipa la buluu mpaka mlangoni mwa banda, kama mama anayemnywesha mgonjwa dawa, na kila ndoo nilijua ina nini. Alinishukuru kwa kila safari. Ua la baharini lilijikunja, likawa kama kamasi, likaachia jiwe likapita mbele ya kioo vipande vipande. Wale samaki wawili walibaki wazima. Walizunguka mahali kilipokuwa kitanda chao, wakirudi, wakizunguka.

Siku ya misa Padri alihubiri juu ya watoto wanaotunza jasho la baba zao. Kisha ukoo wote ulishuka bandani, Rwegoshora mbele, Mutabazi na shati jeupe na fundi wake mwenye futi ya kupimia. Yustus alikuwa amesafisha kioo. Sijui kwa nini alisafisha. Kilionyesha kila kitu: mawe meupe, utando wa kijani, mabaki yaliyooza, na samaki wawili.

Mutabazi alitazama muda wa kusoma tangazo dogo. "Pole, fundi," alisema, akageukia gari lake. Kwa wageni wake, nasikia, aliweka picha ya bahari ukutani.

"Na hawa wawili?" Rwegoshora aliuliza, akigonga kioo. "Tuwagawane vipi? Sisi tuko ishirini na sita."

"Wakaangwe na vitunguu," mtu alisema nyuma, na banda zima likacheka. Walicheka wanawake, walicheka watoto. Lameck alicheka mpaka akafuta machozi, akiwa amemshika kaka yake bega. Yustus alinitafuta kwa macho katikati ya watu. Sikucheka. Uso wangu ulikuwa mkavu kama yale majivu.

"Maji yangu hayakuvuja," alisema, hakuna aliyemsikia isipokuwa sisi wa karibu.

Alihama siku hiyo hiyo. Tulipishana njiani, sisi tunapanda na magodoro, yeye anashuka na ndoo ya samaki mkono mmoja, betri na pampu mkono mwingine. Aliwatunza ndooni siku kumi na moja. Betri ilipokufa walikufa. Akabaki mteremkoni kwenye vyumba vyetu viwili, akawa anatengeneza majeneza, na msimu wa dawa anapulizia kahawa za watu kwa kibarua.

Lameck hakutaka kulivunja tanki. Alimwaga bahari kwenye shimo, migomba mitatu ikafa hapo, akalisugua tanki, akalivuta mpaka uani na vijana wanane. Tangu hapo ndilo obwato letu. Linameza mikungu ya rubisi ambayo mtumbwi wa gogo ungeichukua mara tatu, na wakamuaji sita wanakanyaga humo kwa pamoja. Kioo bado kipo. Watoto wa jirani huja kusimama mbele yake kutazama miguu ya watu ikisaga ndizi na majani. Wageni hupiga picha. Lameck huwaambia hii ni bahari ya kaka, na rubisi yetu imepata jina kwa ajili ya hicho kioo.

Mwaka huu, msimu wa dawa ulipoanza, Yustus aliingia dukani na kopo tupu la dawa ya kahawa mkononi. Nilimwamkia, akaitikia. Aliliweka kaunta.

"Nisomee, shemeji. Macho yangu unayajua."

Nilisoma. Kipimo cha dawa kwa bomba, siku za kusubiri kabla ya kuvuna, kuvaa glavu, kutomwaga mtoni. Nilisoma taratibu na vizuri, kama nilivyofundishwa. Mstari wa kwanza niliuruka.

Aliweka kidole juu ya kopo. "Na hapo juu?"

"Jina la dawa tu."

"Haya. Lisome."

Nililisoma. Neno shaba lilitoka dogo sana, lakini dukani tulikuwa wawili tu, likasikika.

"Yule mtu wa Dar aliniambia nimtumie maji kwenye chupa," Yustus alisema. "Majibu yalirudi mwezi wa kumi, mwaka juzi."

Nilihesabu. Karibu miaka miwili amekuwa akipita hapa, akiitikia shikamoo yangu, akiuliza watoto wameamkaje.

"Mbona hukusema?"

"Kwa nani? Wangecheka tena." Alivuta kopo upande wake. "Nilitaka kuona leo kama utasoma mwenyewe bila kuulizwa. Nipe bangili yangu."

Niliitoa msumarini. Vidole vyake vilikuwa vimenenepa kwa kazi, nikampa sabuni, akaisukuma mpaka ikaingia. Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo watu wanavyosema, na nilingoja aniambie hivyo. Hakuniambia. Alisema asante ya sabuni, akaniita shemeji, akashuka ngazi.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na rubisi ya ubatizo. Kabla wakamuaji hawajafika nilichota majivu jikoni, nikapiga magoti uani, nikayapaka chini ya lile tanki, kwenye viungo vyote, kama nilivyomwona akifanya. Lameck aliniuliza natafuta nini. Nilitaka livuje. Nilitaka tone moja tu, ili nichukue shoka. Walikanyaga kutwa nzima, juisi ikafika kwenye mkanda wa juu, na jua lilipoanza kushuka niliinama tena nikapitisha mkono. Majivu yalikuwa makavu.